Si kila kichwa maji ni cha kuwekewa mpira

Kichwa cha mtoto kikikua kupita umri wake, wengi huamua papo hapo: kichwa maji, awekewe mpira wa kuteremsha maji tumboni. Mara nyingi ni sawa. Kwa vena ya Galen iliyovimba, hitilafu ya kuzaliwa nayo ya mshipa wa damu katikati ya ubongo, haraka hiyo huharibu.

Hapa ateri za ubongo humwaga damu moja kwa moja kwenye vena ya katikati, bila kupitia kapilari, vile vimishipa vyembamba vinavyopunguza kasi ya damu. (Jina lenyewe linapotosha: inayovimba ni vena ya kijusi iliyopaswa kutoweka kabla ya kuzaliwa.) Presha ndani ya vena hupanda, maji ya ubongo yakakosa pa kunyonywa. Ukiyatoa kwa mpira, chanzo kiko palepale, na mtoto anaweza kupata degedege au kuvuja damu kichwani. Kabla ya mpira, basi, weka stetoskopu juu ya utosi usikilize mvumo, kisha piga ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu, hapohapo.

Tiba ni kuziba ateri hizo. Mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya kinenani, ukaongozwa kwa eksirei hadi ubongoni, na gundi ya sianoakrileti ikasukumwa penye tundu, pale ateri inapofungukia kwenye vena. Ikiganda mapema, tundu hubaki wazi. Ikichelewa, huponyoka hadi kwenye vena na kuziba njia ya damu kutoka. Tena huzibwa kwa awamu, si zote mara moja.

Mtoto aliye imara husubiri hadi umri wa miezi 5 hivi. Kichanga ambaye moyo umeelemewa na damu hiyo inayorudi kwa wingi huanza na dawa. Dawa zikishindwa, ateri hazisubiri kesho, huzibwa leo.