Ndoana ya ncha moja si ndoana moja

Shemeji yangu anaishi British Columbia, Kanada. Juzi alinitumia picha ya chambo chake bandia, kisamaki cha plastiki chenye urefu wa kidole. Alikuwa amechomoa ndoana ya mkiani na kuacha ya tumboni, ile ya ncha tatu zilizotawanyika kama nanga. Chini akaandika: "Nimebakiza ndoana moja, sasa naruhusiwa kwenye mto wa trauti," yule samaki wa maji baridi. Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia kosa hilo, na mara mbili za mwanzo lilitoka kwa watu wa Jinja, Uganda, waliokulia ukingoni mwa Nile. Basi leo niseme.

Ndoana ya ncha moja ni ndoana yenye ncha moja. Kwisha. Kanuni ya mito ya huko inadai ndoana ya ncha moja, nayo inahesabu ncha. Chambo kiwe na ndoana ngapi ni sharti jingine, nalo husomwa peke yake.

Tatizo liko kwenye lugha. Ndoana ni neno la nyumbani kabisa. Waganda husema eddobo, na kuvua kwa ndoana ni okuloba. Kiswahili kina tabia ya kuimeza ile b ya katikati: wao okuvuba, sisi kuvua. Na l ikitanguliwa na n hugeuka nd, ndiyo maana ulimi mmoja, ndimi mbili. Irudishe b, ondoa n, utaona ndoana na eddobo ni ndugu wa tumbo moja. Mababu walipolitunga neno hili walikuwa na kitu kimoja mkononi: kilichopinda, chenye ncha moja. Hawakuhitaji kutaja ncha. Ile ya ncha tatu imekuja juzi na vyambo vya dukani, nasi tukaiita ndoana vilevile, ndipo "moja" ikaanza kutuchanganya: ni moja kwa idadi au moja kwa umbo?

Kiungo "ya" ndicho kinachotenganisha. Mtu wa Kampala aliyepanga muzigo (ndivyo waitavyo kule nyumba ndogo ya kupanga) wa chumba kimoja hakuambii amepanga muzigo mmoja akadhani amemaliza maelezo. Mizigo ni mingi, na vyumba vyake si sawa. Ukilitupa "ya ncha", umetupa sheria nzima.

Sababu yake ni fupi. Trauti mdogo kuliko kipimo hurudishwa majini, na ncha tatu humshika taya zote mbili, pengine na jicho. Moja huchomoka upesi. Hata kati ya wanaovua mputa, yaani sangara, kule maporomoko ya Murchison kwenye Nile kwa ajili ya kumpiga picha na kumwachia, wapo waliobadilisha ndoana kwa sababu hiyohiyo (na kwa sababu ya vidole vyao wenyewe, ingawa hawasemi).

Jambo la pili linalochanganywa ni kijino, ule mwiba unaotazama nyuma karibu na ncha. Ndoana yaweza kuwa ya ncha moja na bado ikawa na kijino. Kwenye mito ya British Columbia vyote viwili vinatakiwa: ncha moja, bila kijino, au kijino kiwe kimebanwa hadi kikalala.

Basi shemeji, mkono wako ulikuwa na nia njema, hesabu tu ndiyo iliteleza. Fungua kipete cha tumboni, kile kinachoshikilia ndoana, uitoe na hiyo. Tafuta ndoana ambayo tundu lake limegeuzwa upande, kwa sababu ya kawaida ikitiwa kwenye kipete hulala ubavu badala ya kuning'inia wima. Chukua kubwa kidogo kuliko uliyotoa. Ukipunguza uzito mno kisamaki kitaogelea kilevilevi. Kisha bana kijino kwa koleo na uipitishe ndoana kwenye shati kuukuu. Ikivuta uzi, bana tena.