Kuhamishia programu ya DOS kwenye Linux si kukompaili tu

Miongoni mwa wanaojifunza kompyuta hapa Arusha kuna imani ya siku nyingi: ukiwa na msimbo wa programu ya ubao wa matangazo, ile ya enzi za kupiga simu kwa modemu ili kusoma na kuacha ujumbe, unaukompaili (unaugeuza kuwa programu inayoendeshwa na mashine) kwenye mfumo endeshi wa Linux na kazi imekwisha. Ina mantiki, lugha ya programu ya C si ni C popote?

Ila programu za DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani, zilizoea kuongea na vifaa moja kwa moja, mfano kupitia anwani 3F8 ya COM1, tundu la kuchomekea modemu. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix kama Linux, programu ya kawaida lazima ipitie keneli, kiini cha mfumo. Kinachosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni mafaili yenye rekodi za watumiaji. Namba ya aina ya int (namba nzima katika C) kwenye DOS ya biti 16 ilichukua baiti 2. Linux ya leo hutumia 4. Ukisoma rekodi za zamani hivyo hivyo, jina linaangukia mahali pa namba ya simu, na huenda usione ujumbe wowote wa kosa.

Jaribu mwenyewe. Unda BARUA.TXT na barua.txt kwenye folda moja ya Linux: utapata mafaili mawili, wakati DOS ingeona moja. Kisha chukua faili la maandishi lililotoka DOS, andika cat -A na jina lake kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Mistari itaishia na ^M$: ^M ni alama ya ziada ambayo DOS huweka mwishoni mwa mstari, na $ huonyesha mstari umeishia hapo.