Kulinyamazisha onyo si kulitatua

"Maonyo yote nimeshayatatua." Kauli hii nimeisikia mno katika ofisi za programu hapa Nairobi, Westlands na Ngong Road vilevile. Ukiufungua msimbo wenyewe, hukuti hata mstari mmoja uliorekebishwa. Kilichoongezwa ni amri ya kuiambia kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta, inyamaze. Huko si kutatua, na tofauti hiyo ina gharama.

Onyo lenyewe ni jambo rahisi. Kompaila ikikuta kitu ambacho lugha haikiruhusu, hutoa kosa na kugoma. Ikikuta kitu kinachoruhusiwa lakini kinachotia shaka, hutoa onyo na kuendelea na kazi. Kwa kuwa programu inapatikana mwishoni, watu husema "ni onyo tu" na kupita.

Tazama mstari huu wa lugha ya C:

if (salio = 0)

Aliyeuandika alitaka kuuliza kama salio ni sifuri. Alama moja ya usawa haiulizi, inaweka. Salio la mteja linageuzwa sifuri, na kwa kuwa C huhesabu sifuri kuwa si kweli, yaliyo ndani ya sharti hilo hayatekelezwi kamwe. Kwa kanuni za C, hapo hapana kosa. GCC, mojawapo ya kompaila za C, ikipewa chaguo la -Wall (ambalo, licha ya jina lake, haliwashi maonyo yote) itakuonya, na itakushauri uongeze mabano iwapo kweli ulikusudia kuweka thamani. Sasa mtu mwenye haraka anaandika hivi:

if ((salio = 0))

Onyo limetoweka, na salio la mteja bado linafutwa. Anayesoma ripoti ya ujenzi, yaani ya kompaila kugeuza msimbo kuwa programu, ataona mambo ni shwari, ilhali jana angalau alikuwa na mahali pa kuanzia kutafuta.

Yaliyoipata Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, yanaonyesha jambo hili linaweza kufika wapi. Mwaka 2006, mtunzaji wa pakiti ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, alikabiliwa na malalamiko ya Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, kuhusu data ambayo haijapewa thamani. Hakuwa mzembe, maana aliuliza kabla ya kugusa kitu. Kisha akaiondoa mistari iliyolalamikiwa, na malalamiko yakaisha. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukikilisha kizalishi cha namba nasibu, ambazo funguo za siri hutengenezwa kwazo. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwenye Linux ya wakati ule kwa kawaida haikupita 32,768. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote. Funguo za SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa usalama kupitia mtandao, zilizotengenezwa kwenye mifumo hiyo zilikuwa dhaifu kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, hadi Debian ilipotangaza hitilafu hiyo Mei 2008.

Sisemi kunyamazisha ni haramu. Kuna msimbo unaozalishwa na mashine, kuna maktaba za watu wengine usizoweza kuzigusa, na kuna nyakati ambapo kompaila inashuku bure. Wala chaguo la -Werror, linalogeuza kila onyo kuwa kosa, si dawa ya kila mahali: kwenye seva yenu linafaa sana, lakini ukimpa mtu msimbo wako naye ana toleo jipya la kompaila lenye maonyo mapya, ujenzi utakwama kwake bila wewe kubadilisha chochote.

Ninachoomba ni kidogo. Ukinyamazisha, nyamazisha kwenye mstari ule ule unaohusika, si mradi mzima, na uandike pembeni sababu yako. Kwenye maelezo ya badiliko sema "nimelinyamazisha". Hilo ni jibu halali kabisa, na mwenzako atakayekuja baadaye atajua kwamba swali la kompaila bado liko wazi.