Kabla ya Kununua Diski Mpya za Breki, Isome Kwanza ya Zamani

Mwenye gari la miaka ishirini akienda kutafuta diski za breki huulizwa maswali mawili: gari gani, la mwaka gani. Anajibu, muuzaji anaingia ndani, anatoka na boksi mbili, biashara imekwisha. Aghalabu diski hizo hukaa vizuri. Lakini zipo siku hazikai: tundu la katikati linabana, au kalipa, ile taya inayobana diski, inagusa ukingo, na fundi ambaye ameshafungua magurudumu yote mawili hana hamu ya kuyarudisha. Anachukua grainda. Nimewahi kuona diski mpya kabisa iliyopunguzwa ukingo kwa grainda ili iingie, na gari likarudishwa barabarani hivyo hivyo.

Ninafundisha ufundi wa magari chuoni, upande wa breki na magurudumu, na wanafunzi wangu wananijua kwa sharti moja: hakuna kuagiza diski mpya kabla ya ile ya zamani kuwekwa mezani, ikapimwa, na mtu akaeleza imekufa kwa ugonjwa gani. Diski iliyotoka kwenye gari ina vipimo vyote unavyovihitaji, na ina pia sababu ya kuharibika kwake. Ukiitupa bila kuisoma, sababu hiyo inabaki ndani ya gari ikiingoja mpya.

Kazi ya diski ni kupokea joto. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kama kilojuli 540. Ukifunga breki mpaka likasimama, nishati yote hiyo hugeuka joto, na joto hilo lingetosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bombani. Hayo hutokea ndani ya sekunde nne au tano, na sehemu kubwa huangukia diski mbili za mbele, maana gari likifunga breki uzito wake huinamia mbele. Diski nene ina chuma kingi cha kugawana joto. Iliyolika ina chuma kidogo, kwa hiyo joto lile lile huipandisha nyuzi nyingi zaidi, pedi, vile vipande vinavyoisugua diski, zinaanza kuteleza na mafuta ya breki yanakaribia kuchemka. Kwa hiyo anayesema "diski ikiwa nyembamba itapasuka tu, na yangu haijapasuka" anaangalia hatari ya mwisho na kuiruka ile inayotangulia.

Sasa vipimo. Diski nyingi zina maandishi yaliyogongwa ukingoni au kwenye kofia, yaani ile sehemu ya katikati iliyoinuka na kukaa juu ya habu, kitovu kinachofungiwa gurudumu. Piga brashi ya waya, tafuta "MIN TH" na namba iliyo mbele yake. Huo ndio unene wa mwisho. Diski iliyotoka kiwandani ikiwa na mm 22 mara nyingi huwa na kikomo cha mm 20 au karibu na hapo. Ni milimita mbili tu, moja kila upande, na ndiyo maana kukadiria kwa macho hakufai.

Hata venia, kile kipimo cha taya mbili zinazoteleza, hudanganya. Mwanafunzi mmoja alinijia akiwa ameishika mkononi: "Mwalimu, hii bado nzima, inasoma 21.3." Nikampa maikromita, kipimo chenye ncha ndogo zinazobana kwa skrubu, nikamwambia apime katikati ya njia ya pedi, yaani pale pedi inaposugua, sehemu nane kuzunguka. Akaandika kwa chaki sakafuni: 19.6, 19.6, 19.5, akaacha kuandika. Kilichomdanganya ni ule mdomo unaobaki kwenye ukingo wa nje, mahali ambapo pedi haifiki. Taya za venia zilikuwa zimeukalia mdomo wa pande zote mbili. Kama huna maikromita, chukua sarafu mbili za aina moja, ziweke kila upande wa diski ndani ya njia ya pedi, bana kwa venia juu ya sarafu, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Jibu si la maabara, lakini ni la kweli kuliko la mwanzo.

Baada ya unene, angalia sura. Rangi ya buluu iliyokoza huonyesha joto lililopita kiasi, na mara nyingi chanzo chake ni kalipa iliyoganda au hozi ya breki iliyovimba ndani, inayopitisha mafuta kwenda lakini ikasita kuyarudisha. Upande mmoja ukiwa umelika kuliko mwingine, kagua pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Huenda zimekauka grisi. Diski za nyuma zikiwa na kutu hata kwenye njia ya pedi, basi breki za nyuma zinasindikiza tu. Hakuna hata moja kati ya kasoro hizi inayotibiwa na diski mpya.

Na kuna mtikisiko, ugonjwa unaowagharimu wenye magari ya zamani kuliko mwingine wowote. Usukani unatetemeka ukifunga breki, pedali inadunda mguuni, na fundi anasema diski imepinda kwa joto. Mara chache ndivyo ilivyo. Mzee mmoja alituletea gari kwenye karakana ya mafunzo akiwa na risiti za jozi tatu za diski, kila jozi ya kiwanda tofauti. Kila mara gari lilikaa vizuri kwa kilomita elfu kadhaa, kisha mtikisiko ukarudi pale pale. Alikuwa ameshaamini kwamba viwanda vyote vinamwibia. Tulipoivua diski ya kushoto tukakuta kwenye uso wa habu, karibu na bolti moja, kipande cha kutu kilichogandamizwa kama ukoko wa chungu. Unene wake haukufika ule wa unywele.

Kutu hiyo huinamisha diski kidogo sana, lakini kwa kuwa diski ni pana kuliko habu, kuinama kwa mm 0.05 pale katikati huwa karibu mm 0.1 kwenye ukingo. Magari mengi hayaruhusu kuyumba kuzidi hapo. Ukiwa unaendesha bila hata kugusa breki, sehemu iliyoinama inaipangusa pedi kila mzunguko, mara mia kadhaa kwa dakika. Chuma kinalika mahali pamoja na kubaki mahali pengine. Baada ya kilomita elfu kadhaa unene wa diski umekuwa na vilima na mabonde, na tofauti ya mm 0.02 inatosha mguu kuisikia. Diski haikupinda, imechongwa na pedi zake yenyewe. Tulisafisha habu kwa brashi na msasa mpaka uso ukang'aa, tukafunga diski mpya, tukaipima kuyumba kwa geji ya saa, kipimo chenye mshale unaoonyesha hata mtikisiko mdogo sana, kabla ya kurudisha kalipa. Kazi ya dakika kumi na tano. Kufunga nati za gurudumu kwa nguvu zisizolingana huleta matatizo ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo ifungwe nati moja, kisha inayoikabili, kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza.

Ukishajua kwa nini ya zamani ilikufa, tafuta ya kuirithi. Usitegemee jina la gari na mwaka. Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, kwa mfano, ilitoka na diski za mbele za kipenyo cha mm 256, 280, 288 au hata kubwa zaidi kutegemea injini na toleo, na kwa nje magari hayo yanafanana kama mapacha. Gari la zamani lina tatizo la ziada: limepita mikono mingi, na huenda mmoja wa waliotangulia alihamishia breki za toleo jingine. Namba ya chesisi inakueleza gari lilivyozaliwa. Diski iliyo mezani inakueleza lilivyo leo. Vikitofautiana, iamini ya mezani, lakini uliza kwanza kwa nini.

Pima kipenyo cha nje, unene, kimo chote kutoka uso wa chini hadi juu ya kofia, tundu la katikati, kisha hesabu matundu ya bolti na umbali kati yake. Kimo ndicho kinachosahaulika sana. Kikitofautiana kwa milimita mbili tu, diski haitakaa katikati ya kalipa. Kwa diski za nyuma zenye hendibreki ya ndani, pima pia kipenyo cha ndani cha kofia. Angalia vilevile kama diski imeungana na habu au na beringi, na kama imebeba ringi ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki. Hapo gharama ya beringi na kazi yake iingie kwenye hesabu mapema, wala isije kama habari mbaya jioni.

Diski yenye mbavu za hewa katikati haibadilishwi kwa diski isiyo na mbavu, hata kama kipenyo ni kimoja. Baadhi zina mbavu zilizopinda, na hizo zina kushoto na kulia: gari likienda mbele, ncha ya nje ya ubavu ifuate nyuma ya ncha ya ndani, ili diski isukume hewa kutoka katikati kwenda nje. Wengi huangalia mifereji iliyochorwa usoni badala ya mbavu, wakazifunga kinyume.

Kuhusu hiyo mifereji na matundu ya urembo, maoni yangu ni mafupi: kwa gari la kwenda kazini na kurudi, chagua diski ya uso mtupu. Matundu yalikuwa na maana zama za pedi zilizotoa gesi nyingi zikipata moto. Leo yanapunguza chuma cha kupokea joto, na nyufa hupenda kuanzia kwenye kingo zake. Fedha ya matundu iweke kwenye diski iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu kwenye kofia na mbavu. Kwa gari linalosimama siku nyingi, hiyo ina faida ya kweli.

Ubora wa chuma hauonekani kwa macho, lakini uzito unapimika. Omba mizani. Diski mbili za namba moja kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana wazi. Ile nyepesi imepunguziwa mbavu au kuta zake zimefanywa nyembamba, hata kama unene wa jumla ni ule ule. Chungulia ndani ya mbavu pia, uone kama kuta mbili zina unene sawa. Alama ya herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi, kama 1 ya Ujerumani au 4 ya Uholanzi, huonyesha idhini, na kwa spea za breki kanuni husika ni namba 90 ya Umoja wa Mataifa. Ila Umoja wa Ulaya unaidai kwa diski za magari ya aina zilizoidhinishwa kuanzia Novemba 2016 tu, kwa hiyo diski ya gari la mwaka 1998 ikikosa alama hiyo haimaanishi ni feki. Pedi ndizo zisikose.

Diski za mtumba sizishauri kabisa. Kukereza ya zamani, yaani kuisawazisha uso kwa mashine, kunakubalika iwapo unene utakaobaki baada ya kukereza bado umeuzidi ule wa "MIN TH", na ubaki na akiba ya kutumika.

Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, na pedi mpya juu yake. Pedi ya zamani imeshachukua sura ya mifereji ya diski iliyoondoka. Usipulize vumbi la breki kwa hewa ya kompresa. Pedi za magari ya zamani huenda zilikuwa na asbesto. Lowesha, pangusa, tupa kitambaa. Diski isiyopakwa huja na mafuta ya kuzuia kutu, na lazima yaoshwe kwa dawa ya kusafishia breki pande zote mbili. Unapozisukuma pistoni za kalipa kurudi ndani, chungulia chupa ya mafuta ya breki isije ikafurika juu ya rangi.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini. Kisha, ili pedi na diski zizoeane, tafuta barabara tulivu, uende kilomita 60 kwa saa, ushuke taratibu hadi 15 bila kusimama, urudie mara kumi ukiacha nafasi ya kupoa kati yake. Kwa kilomita mia tatu zinazofuata epuka breki za ghafla, isipokuwa kuna mtu mbele yako.