Kisukari cha Ujauzito na Asili ya Mama

Kwenye benchi moja la kliniki ya wajawazito hapa Malindi huketi Mgiriama, Mbajuni na mama ambaye babu yake alitoka Hadhramaut kule Yemen, na wahudumu huulizwa mara kwa mara iwapo kisukari cha ujauzito, yaani sukari ya damu kupanda wakati wa mimba, ni ugonjwa wa Waarabu na Wahindi. Sivyo, ingawa asili ina sehemu yake.

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazodhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na kongosho la mama, linalotengeneza insulini, lisipoweza kufidia, sukari hupanda na kumfikia mtoto, ambaye hutengeneza insulini yake kwa wingi na kunenepa. Ndiyo maana mabega huweza kukwama wakati wa kujifungua, na mtoto akaishiwa na sukari saa chache baadaye, kwa kuwa ile ya mama imekatika ilhali insulini ya mtoto ingali juu.

Tafiti za Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa wanawake wenye asili ya Asia Kusini hupata hali hii zaidi, hata wakiwa wembamba. Watoto wao kwa wastani huzaliwa wadogo, lakini mafuta mwilini huwa mengi kwa uzito walio nao, hivyo mizani pekee haithibitishi kwamba sukari ilidhibitiwa. Wanawake weusi wa Marekani hugunduliwa kwa kiwango kidogo kuliko Waasia, ila waliogunduliwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye. Urithi unachangia, umaskini, chakula na kuchelewa kufika kliniki pia vinachangia, na si rahisi kuvitenganisha.

Kwa watu wa Malindi na Lamu, ambao nasaba zao zimechanganyika kwa karne nyingi, kumkadiria mama kwa rangi au jina la ukoo ni kubahatisha. Lenye faida ni kuuliza kama mzazi au ndugu wa toka nitoke ana sukari, na kama mama aliwahi kujifungua mtoto wa kilo 4.5 au zaidi. Hata jibu likiwa hapana, kipimo kinafaa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hufika bila kula tangu usiku, hupimwa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, sukari ya damu kufikia 5.1 mmol/L kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1 au 8.5 baada ya saa 2 kunatosha kuthibitisha kisukari cha ujauzito, hata kama ni kimoja tu. Kupima mkojo hakutoshi.

Wali wa nazi hauhitaji kuachwa. Hupunguzwa sahani, samaki na mchicha vikaongezwa, na chai ikanywewa bila sukari. Wengi hutosheka na hayo pamoja na kutembea, na wengine huhitaji dawa. Anayetaka kufunga Ramadhani na aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Baada ya kujifungua sukari kwa kawaida hushuka, na hapo ndipo wengi hupotea kliniki. Arobaini ikiisha, mtoto anapopelekwa chanjo ya wiki 6, mama naye aombe kupimwa siku hiyohiyo, kisha arudie kila mwaka.