Kabla ya Pampu, Tazama Kilele cha Mnazi

Simu nyingi ninazopokea kutoka Nyali, Kisauni na Likoni huwa na ombi moja: "Fundi, njoo utupigie dawa." Mwenye mti ameshaamua ugonjwa na tiba. Kutibu miti ndiyo kazi yangu na pampu ninayo, lakini nikifika huanza kwa kutazama juu. Mnazi huonyesha unapougua, mradi ujue ni kuti lipi linaloumwa.

Makuti ya chini, yale ya zamani, yakiwa manjano na kilele bado ni kijani, mara nyingi mti una njaa ya potasiamu au magnesiamu. Hapo hapana mdudu wa kuua. Mti unataka mbolea inayofaa, na matandazo shinani ya kushika unyevu.

Kuti changa likifunguka limekatwa pembe pande zote mbili, kama lililopitiwa na mkasi, huyo ni chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe. Yeye hutoboa kuti likiwa bado limefumbata ndani ya kilele, kwa hiyo mkato unaouona leo ulifanyika wiki kadhaa nyuma. Mkato peke yake hauthibitishi kwamba bado yumo. Ninachotafuta ni tundu kwenye kitako cha upongoo, yaani bua la kuti, na nyuzi zilizotafunwa zinazotokeza mlangoni. Zikiwa mbichi na zenye majimaji, yumo. Zikiwa kavu na za kahawia, ameshaondoka.

Akiwemo, mkwezi hupanda na waya wenye ncha ya ndoana akamvuta nje. Kisha tunajaza makwapa ya makuti, pale yanaposhikana na shina, mchanga mkavu uliochanganywa na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza: kutafuta anakozaliwa. Chonga hutaga kwenye magogo ya minazi yanayooza na kwenye malundo ya samadi. Pasua gogo lililolala nyuma ya jiko tangu mnazi uangushwe, utakuta mabuu meupe, manene, yamejikunja, kichwa cha kahawia. Kupiga dawa kileleni huku gogo hilo limebaki ni kutupa pesa. Lichomwe au lipasuliwe likauke, na lundo la samadi ligeuzwe mara kwa mara, mabuu yaokotwe.

Vidaka, yaani nazi changa, vikidondoka kwa wingi, ninaviokota na kuvigeuza mkononi. Vikiwa na vidonda vilivyotoa gundi, namshuku mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza matunda machanga. Na hapa nina ombi: msiwaue chungu waitwao maji moto. Najua wanavyouma, na wakwezi wana haki ya kuwalalamikia. Lakini chungu hao waliojisukia viota vya majani ndio askari wanaomfukuza mdudu huyu, usiku na mchana, bila kulipwa. Ukiwapiga dawa ili ukwee kwa raha, msimu unaofuata utavikusanya vidaka chini.

Siku hizi wengi huniuliza kuhusu kutoboa shina na kumimina dawa ndani. Kwa mnazi sikubaliani na njia hiyo. Mwembe ukiujeruhi, ganda jipya hukua pole pole likafunika kidonda. Mnazi hauna tabaka hilo la ukuaji chini ya ganda. Tundu unalotoboa leo litabaki pale maisha yake yote, na ni mlango wa maji na kuvu. Isitoshe, dawa inayosafiri ndani ya mti haichagui njia. Inaweza kufika kwenye dafu analokunywa mtoto, au kwenye tembo ikiwa mti unagemwa. Mti wenye kibuyu cha mgema juu sitauwekea dawa ya aina hiyo hata nikilipwa mara mbili.

Kumimina dawa shinani nako kuna shida yake ya hapa kwetu. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji hupenya haraka. Nyumba nyingi zinategemea visima. Kwa hiyo kabla sijachanganya chochote nauliza kisima kiko wapi, cha mwenye nyumba na cha jirani.

Kupuliza nako ni asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Kusi ikishika kasi, nusu ya dawa inaishia kwenye nguo zilizoanikwa ng'ambo ya ukuta. Mwembe uliochanua siupigi dawa ya wadudu nyuki wakiwa kazini.

Ukimwita fundi yeyote, mwombe akuonyeshe chupa yenyewe, si dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji. Tafuta nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu, na utazame rangi ya ukanda wa lebo: nyekundu ndiyo kali kupita zote, kijani ndiyo hafifu. Kisha soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uziandike mahali mwangua madafu atakapoziona.