Chembe nyeupe za damu: kwa nini kidonda huvimba na kutunga usaha

Mwiba ukikuchoma kidoleni na kubaki humo, kesho yake kidole kimevimba, kina joto, kinauma na kupwita. Wengi husema "vijidudu vimeingia", na mara nyingi ni kweli. Lakini joto, uvimbe na maumivu yale kwa sehemu kubwa ni kazi ya mwili wenyewe. Hali hiyo ndiyo madaktari huiita inflamesheni, na chembe nyeupe za damu ndizo zinazoiendesha.

Za kwanza kushtuka ni makrofaji, aina ya chembe nyeupe ambazo hukaa tayari ndani ya nyama. Zikikuta bakteria hutoa kemikali zinazopanua mishipa midogo ya damu: damu nyingi zaidi hupita, ndipo joto linapotoka. Kuta za mishipa hulegea na majimaji huvujia nje, ngozi ikafura. Kupitia nafasi hizo hizo hujipenyeza neutrofili, ambazo ndizo chembe nyeupe nyingi kuliko zote katika damu ya mtu mzima. Hufika ndani ya saa chache, humeza bakteria na kuwayeyusha kwa vimeng'enya na kemikali kali, kisha hufa. Usaha ni mizoga yao hasa, pamoja na bakteria na nyama iliyooza. Uboho wa mifupa hutengeneza neutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, kwa hiyo usaha wa jipu moja si hasara kwa mwili. Shida ni pale unapojifungia ndani: dawa hazipenyi vizuri, ndiyo maana daktari hulipasua jipu badala ya kukuongezea vidonge.

Aliyeiona kazi hii waziwazi ni mwanasayansi Mrusi Élie Metchnikoff, mwaka 1882 huko Messina, Italia. Alichomeka miiba ya waridi katika mabuu ya kiti cha pweza, na asubuhi akakuta chembe zimeizingira. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, huchelewa kwa siku kadhaa, ila hulenga kimelea mahususi na kukikumbuka. CD4 zinazoharibiwa na VVU zimo katika kundi hili. Eosinofili, aina nyingine tena, nazo huongezeka mtu akiwa na kichocho, minyoo fulani au mzio.

Vitabu vya shule huziita chembe nyeupe "askari wa mwili". Sawa, ila kemikali zilezile zinazoua bakteria huunguza pia nyama yenye afya iliyo jirani. Katika baridi yabisi inayoletwa na kinga ya mwili yenyewe, chembe hizi hushambulia viungo ambavyo havina kijidudu chochote. Kwenye Uviko-19 mkali pia, mapafu yaliumizwa sana na inflamesheni yenyewe. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa wagonjwa waliohitaji oksijeni. Wasioihitaji haikuwafaa kitu.